Samaki Mwenye Namba

Bwana Mhariri amenitaka niandike somo la elimu ya viumbe ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataweza kulifuata, na ambalo ndugu zetu waliokwisha kumaliza shule hawatalitupa wakidhani ni la watoto. Nimechagua habari za samaki wa mtoni, tena wa nchi ya mbali, Marekani. Nimemchagua kwa sababu alama ndogo aliyotiwa mwilini ilifichua jambo ambalo wahandisi, wavuvi na serikali walikuwa wakilipita kila siku bila kuliona.

Swali la somo ni hili. Ng'ombe akipotea, mchungaji hufuata nyayo zake. Ndege twamwona angani. Lakini samaki akizama katika maji ya tope, utajuaje amekwenda wapi? Na ukivua samaki leo hapa, kisha mwezi ujao ukavua mwingine kilometa mia juu ya mto, utajuaje kama ni samaki wawili au ni yule yule mmoja?

Sisi tukaao karibu na Ziwa Victoria tunaye samaki wa kutusaidia kuelewa, naye ni ningu. Mvua zikinyesha na mito ikafurika, ningu hutoka ziwani akapanda mito kama Sio, Nzoia na Kagera kwenda kutaga mayai. Wavuvi waliijua desturi hiyo tangu zamani. Nyavu za kigeni zilianza kutumika ziwani mwaka 1905, na baadaye zikatandwa midomoni mwa mito wakati wa msafara wa ningu, wakanaswa kabla hawajataga. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka. Basi mkimkumbuka ningu mtamwelewa haraka huyu ninayemleta, maana ni jamaa yake wa mbali. Wote wawili hawana meno mdomoni, meno yao yamo kooni.

Jina lake la kitaalamu ni Ptychocheilus lucius. Wenyeji humwita Colorado pikeminnow, nami nitamwita pikimino ili ulimi usijikwae. Anakaa katika Mto Colorado na mito inayoingia humo, kama vile Green, Yampa na White, katika nchi kavu ya mawe mekundu ya Utah na Colorado. Ningu wetu ni samaki wa kushikwa mkononi, lakini pikimino wa zamani aliweza kufika urefu wa meta 1.8 na uzito wa kilo 36. Hula samaki wenzake. Wazungu wa kwanza waliohamia huko walimwita samoni mweupe, wakamvua kwa chambo cha panya na cha ndege wadogo. Na mafuriko yalipomwingiza katika mifereji ya mashamba, wakulima walimtoa kwa uma za kugeuzia majani makavu. Yasemekana mkubwa wa jinsi hii huweza kuishi zaidi ya miaka 40. Samaki wa umri huo ni mtu mzima kabisa, na yafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu mzee akiendelea kuonekana mtoni watu hudhani mambo ni mazuri, hali hakuna watoto wanaozaliwa nyuma yake.

Katika karne ya 20 Mto Colorado ulifungwa kwa mabwawa, moja baada ya jingine. Bwawa la Hoover lilikamilika mwaka 1935, na la Flaming Gorge, juu kabisa katika Mto Green, mwaka 1964. Sehemu ya chini ya mto, kuelekea Meksiko, ikawa haina tena pikimino.

Kabla ya Flaming Gorge kujaa maji, lilitokea jambo ambalo hata sasa nikilisoma nastaajabu. Mwezi Septemba 1962 wakuu wa uvuvi walitia sumu katika Mto Green na vijito vyake, kwa mamia ya kilometa. Walikusudia kuua samaki wa asili, waliowaita samaki takataka, ili bwawa jipya lipandikizwe samaki wa kigeni wanaopendwa na wavuvi wa ndoana. Sumu yenyewe ilikuwa rotenoni. Msidhani ni kitu kigeni kwenu: ni ya jamii ile ile ya sumu iliyomo katika utupa, ambao wazee wetu waliuponda na kuutia katika vidimbwi ili samaki waelee. Ila mzee alitia utupa katika kidimbwi kimoja, akala samaki wake, basi. Hawa walitia katika mto mzima. Walikuwa wameandaa dawa ya kuivunja nguvu sumu mahali paitwapo Brown's Park, lakini haikutosha. Sumu ikapita ikaingia katika hifadhi ya taifa ya Dinosaur. Mtaalamu wa samaki Robert Rush Miller na wenzake walipinga, na kelele zikafika kwa Waziri Stewart Udall, ambaye mwaka 1963 alitoa maagizo ya kuzuia jambo kama hilo lisirudiwe ovyo. Mwaka 1967 pikimino aliandikwa katika orodha ya serikali ya viumbe walio karibu kutoweka.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kumwandika samaki katika orodha ni rahisi. Kumlinda bila kujua anakaa wapi, anataga wapi na watoto wake wanakua wapi hakuwezekani.

Alama ya kwanza iliyotumika ni ya kawaida, mithili ya hereni ya ng'ombe. Samaki hukamatwa, hupimwa urefu na uzito, kisha kibati kidogo chenye namba hufungwa mgongoni karibu na pezi kwa uzi mwembamba wa madini. Hurudishwa majini. Akivuliwa tena, namba husomwa, na mtaalamu akajua mambo mawili: mahali alipokuwa siku ile na mahali alipo leo. Yaliyotokea katikati hayajui. Ni kama kumwona mtu Kampala mwezi wa Januari na kumwona tena Kampala mwezi wa Desemba, ukaapa kwamba hakutoka mjini mwaka mzima.

Hata hivyo hereni hizo zina faida moja kubwa, nayo ni kuhesabu. Jaribuni hivi darasani. Chukueni kikapu cha maharage ambayo hamkuyahesabu. Toeni 50, myatie alama ya wino, myarudishe, myachanganye sana. Kisha teka 40 bila kuchagua. Tuseme katika hayo 40 mmepata 10 yenye wino. Maana yake robo ya maharage ya kikapu ina wino. Na kwa kuwa yenye wino ni 50, maharage yote ni kama 200. Mkimaliza, yahesabuni moja moja mwone mmekaribia kiasi gani. Wataalamu wa samaki hutumia hesabu hiyo hiyo kwa mito.

Lakini hesabu hii ina masharti. Alama zisidondoke, samaki wenye alama wasife kwa ajili ya kutiwa alama, na kikapu kisitoboke. Sharti la mwisho ndilo zito. Tuseme nusu ya maharage yenye wino yamevuja na mahali pake yakaingia mengine yasiyo na wino. Katika 40 mtapata 5 tu yenye wino, na hesabu itawaambia kikapu kina maharage 400! Ndivyo ilivyo mtoni. Samaki wakiwa safarini wakati wa kuhesabiwa, karatasi yaweza kuonyesha wameongezeka maradufu wakati ambapo hawakuongezeka hata mmoja. Kwa hiyo mtu asiyejua safari za samaki hawezi hata kujua idadi yao.

Ndipo wakaijia redio. Samaki mkubwa hukamatwa kwa mashua yenye mitambo ya umeme. Umeme humfanya azirai kidogo, akachotwa kwa wavu. Hutiwa katika maji yenye dawa ya usingizi. Mtaalamu humpasua tumboni mpasuo mdogo, huingiza redio iliyofunikwa isiingie maji, huacha waya mwembamba wa antena, kisha hushona. Samaki akizinduka huachwa aende. Redio isiwe nzito; desturi ya siku nyingi ni kwamba isizidi sehemu 2 katika 100 za uzito wa samaki. Kila redio hulia kwa mawimbi yake yenyewe, kwa hiyo anayesikiliza humjua samaki kwa mlio kama tunavyomjua mtu kwa sauti gizani. Mawimbi hayo hupenya vizuri maji baridi yasiyo na kina kirefu, ila katika maji ya chumvi hayafui dafu. Mto Green una tope hata mkono wako huuoni ukiutia, na redio haijali tope. Watafutaji walisikiliza kutoka katika ndege ndogo, katika mashua, na kwa miguu juu ya majabali. Ubaya wake ni betri: ikiisha, samaki amepotea tena.

Kazi hiyo ilifanywa sana katika miaka ya 1980, na mmoja wa waliotangulia alikuwa Harold Tyus, wa idara ya serikali ya Marekani ya samaki na wanyama pori. Waliyoyasikia redioni yaliwashangaza.

Kutoka majira ya baridi mpaka mwanzo wa masika pikimino wazima wametulia, kila mmoja katika kipande chake cha mto, huyu Yampa, huyu White, huyu Green. Mwezi wa Mei na Juni theluji ya milimani huyeyuka na mito hufurika. Mafuriko yakianza kupungua na maji kupata joto, samaki huanza safari. Wengine hupanda, wengine hushuka. Aliyekuwa katika Mto White huushuka wote mpaka Green, kisha huupanda Green, kisha huingia Yampa. Njiani hupita mahali pengi ambapo kwa macho yetu pangemfaa kabisa, asisimame. Baadhi yao walikwenda zaidi ya kilometa 300 kwa safari ya upande mmoja. Nao kutoka mito yote hiyo walikusanyika hasa katika sehemu mbili: moja katika korongo la Yampa, ndani ya hifadhi ya Dinosaur, na nyingine mbali chini katika Mto Green, katika korongo liitwalo Gray. Hapo maji huenda kasi juu ya mawe ya mviringo yaliyooshwa na mafuriko, na hapo ndipo wanapotaga. Wakimaliza, hurudi. Hawarudi popote tu. Wengi walisikika tena katika kipande kile kile cha mto walichokuwa kabla ya kuondoka. Tyus alidhani ni harufu ya maji inayowaongoza.

Mayai huanguliwa baada ya siku chache. Vitoto, vyembamba kama sindano, havina nguvu ya kushindana na maji, basi huchukuliwa na mkondo zaidi ya kilometa 100 mpaka penye nchi tambarare, ambako hukaa katika maji ya pembeni yaliyotuama, yenye joto na chakula. Wakikua hupanda mto tena polepole. Basi samaki mmoja anahitaji korongo la kutagia, tambarare ya kulelea, na mto wa mbali wa kukaa utu uzima wake, na njia isiyofungwa baina ya hayo yote. Ukimlinda mahali pamoja tu, hukumlinda.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana kuna kisa ambacho ningependa kila mmoja wenu akikumbuke. Katika miaka ya 1950 serikali ya Marekani ilikusudia kujenga bwawa mahali paitwapo Echo Park, pale Yampa unapoingia Green. Maji yake yangerudi nyuma na kulizamisha korongo la Yampa. Watu wengi waliopenda uzuri wa milima na hifadhi walipigana na shauri hilo kwa barua, magazeti na picha, na mwaka 1956 Bunge lilipitisha sheria ya mabwawa ya mto huo bila Echo Park kuwamo. Flaming Gorge ilikuwamo. Katika ugomvi wote ule watu walitetea mandhari. Ilipita miaka kama 25 kabla ya redio kuonyesha kwamba mawe ambayo yangezama ndiyo mazalio makubwa ya pikimino. Samaki huyu aliponea chupuchupu kwa hoja isiyomhusu kabisa! Na mpaka leo Yampa haujafungwa kwa bwawa kubwa mithili ya Flaming Gorge, ndiyo maana mafuriko yake ya theluji bado huyaosha mawe yale.

Mto White haukubahatika hivyo. Mwaka 1984 bwawa la Taylor Draw lilikamilika huko, bila njia ya samaki. Wazima waliokuwa juu ya bwawa wakishuka kwenda kutaga hawakuweza kurudi kwao. Walionekana wamekusanyika chini ya ukuta, wameelekea juu. Sehemu ya juu ya mto ikawa haina pikimino tena. Mtu aliyesoma habari za safari zao haulizi kwa nini.

Kwa upande wa Flaming Gorge habari za alama zilileta mabadiliko. Zamani bwawa lilitoa maji kwa kufuata haja ya umeme tu. Mwaka 1988 serikali ya taifa, majimbo, wenye maji na watetezi wa viumbe walianzisha pamoja mpango wa kuwaokoa samaki wa sehemu ya juu ya Colorado. Mwaka 1992 wataalamu wa serikali walitamka kwamba utoaji wa maji ule ulikuwa ukiwahatarisha samaki, na mwaka 2006 ikakatwa shauri kwamba bwawa litoe maji mengi wakati wa masika, ili Mto Green upate kitu kinachofanana na mafuriko yake ya asili, na kiangazi yatolewe kwa kiasi. Hapana mtu ambaye angekubali kumwaga maji ya thamani hivyo kwa maneno matupu ya kwamba samaki wanayapenda. Ilitakiwa namba.

Tangu miaka ya 1990 wanatumia zaidi alama ya tatu, nayo ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Ni kidonge cha kioo, urefu wake milimeta 12, kama punje ya mchele. Huingizwa mwilini kwa sindano nene. Hakina betri. Ndani mna waya wa shaba uliosokotwa na kidude chenye namba isiyofanana na nyingine. Antena hutoa mawimbi ya sumaku; yakikifikia kidonge huzaa ndani yake umeme kidogo mno, nao watosha kuirudisha namba. Wa kidato cha nne watakumbuka habari za Faraday. Kwa kuwa hakuna kinachokwisha, kidonge huweza kukaa maisha yote ya samaki. Upungufu wake ni kwamba husikika kwa karibu tu, chini ya meta moja kwa kawaida. Kwa hiyo huwezi kumtafuta samaki kwa ndege. Sharti samaki aje mwenyewe.

Basi antena huwekwa pale anapopenda kupita. Huko Gunnison kulikuwa na ukuta wa zamani wa kugeuzia maji mashambani, uitwao Redlands, uliowazuia samaki miaka mingi. Mwaka 1996 ulifanyiwa ngazi ya samaki, yaani mfereji wa vidimbwi vinavyopanda kidogo kidogo. Anayepanda hukamatwa juu, husomwa namba, huachwa aendelee. Antena nyingine zimelazwa chini ya mto, zikaandika namba usiku na mchana bila samaki kuguswa. Na zilipowekwa katika mifereji ya umwagiliaji zilionyesha jambo baya: samaki wa asili walio katika orodha ya hatari walikuwa wakiingia humo kwa wingi, waishie mashambani. Bila kidonge, nani angewahesabu chini ya maji ya matope? Baada ya hapo mifereji kadhaa imewekewa vizuizi.

Msije mkadhani pikimino amekwisha kupona. Katika Mto Green wazima wamepungua tangu mwanzo wa karne hii ya 21, na adui anayetajwa sana leo ni samaki wa kigeni waliopandikizwa kwa ajili ya wavuvi wa ndoana, ambao hula vitoto katika yale maji ya pembeni. Wafanya kazi wa mpango hupita mtoni kila mwaka wakiwatoa kwa mashua za umeme. Wazima wa pikimino nao huhesabiwa kwa vidonge wakati wa masika, kabla safari haijaanza. Sababu ya kuchagua majira hayo mnayo tayari katika kikapu cha maharage.

Kwa wanaopenda kujipima: mwanafunzi ametia alama ningu 60 katika mto, baada ya siku tatu amevua 45, na 9 kati yao wana alama. Mtoni mna ningu wangapi? Je, ungeiamini hesabu hiyo kama usiku wa pili mvua kubwa ilinyesha na mto ukafurika? Eleza pia kwa nini antena ya vidonge iliyowekwa mlangoni mwa mfereji haiwezi kukuambia samaki alikokuwa wiki iliyopita, na ungetumia alama gani ili upate jibu. Majibu yaandikwe kwa wino, yaletwe chumba cha sayansi kabla ya siku za mtihani.